Mwaka Kogwa na Watoto Wadogo: Mwongozo wa Kuwapeleka Makunduchi na Kuwarudisha Salama

Kila mwaka, katikati ya Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hufunga mwaka wao wa zamani na kuufungua mpya kwa shamrashamra za siku nne ziitwazo Mwaka Kogwa. Wakati huo ndipo Wazanzibari wengi wanaoishi Uingereza, Oman na kwingineko hurudi nyumbani na watoto, kwa kuwa huko ni kiangazi na skuli zimefungwa au zinakaribia kufungwa. Kwa Unguja ni kipupwe: kusi linavuma, jua halina ukali wa Februari, na usiku mtoto mchanga huhitaji shuka ya ziada. Kwa hali ya hewa pekee, hakuna msimu bora zaidi wa kumtembeza mtoto shamba.

Hata hivyo, wazazi wengi huwapeleka watoto Mwaka Kogwa kwa namna moja tu: huwapakia kwenye gari asubuhi ya siku ya kilele, huwasimamisha uwanjani katikati ya umati, huwaonyesha watu wakipigana na kibanda kikiungua, kisha hurudi nao mjini jioni wakiwa wamelia, wamechoka na hawajaelewa walichokiona. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, na mwanangu wa miaka mitatu alichokumbuka peke yake ni vumbi. Tangu hapo nimejifunza kuwa sherehe ya uwanjani ni ya watu wazima, na kwamba Mwaka wa mtoto uko nyumbani na pwani: kwenye ufagio, jivu, maji ya bahari na sinia la chakula. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata imani hiyo, na unawahusu zaidi watoto wa umri wa miaka miwili hadi minane.

Hatua ya kwanza: elewa mwaka wenyewe kabla ya kumweleza mtoto

Mtoto atauliza kwa nini mwaka mpya uwe Julai ilhali shuleni amefundishwa kuwa ni Januari, na jibu lake ni zuri kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka huu ni Nairuzi ya watu wa pwani, desturi inayohusishwa na Nouruzi ya Waajemi na masimulizi ya Washirazi waliohamia huku. Ni mwaka wa jua wenye siku 365 kamili, usio na siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, na kwa sababu hiyo siku yake ya kwanza hurudi nyuma kwa siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na kalenda ya ukutani. Ndiyo maana bibi anaweza kukumbuka Mwaka ukiangukia mwisho wa Julai alipokuwa msichana, na asiwe amekosea.

Mabaharia na wakulima wa pwani waliugawa mwaka huo kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Miongo 36 hufanya siku 360, na zinabaki siku tano za kukamilisha mwaka. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kupanda, wakati wa mvua na wakati wa kugeuka kwa pepo. Mtoto wa miaka minne hawezi kuishika hesabu ya siku 365, lakini mwongo mmoja anaweza. Siku kumi kabla ya safari, chukua uzi wa katani au kipande cha kamba, ufunge mafundo kumi, uutundike mahali anapoweza kuufikia, na kila jioni umwache afungue fundo moja mwenyewe. Fundo la mwisho likifunguka, ndiyo siku ya kuondoka. Nimeona njia hii ikituliza maswali ya "lini tunakwenda" kuliko ahadi yoyote, na bila kusudi mtoto anakuwa amejifunza maana ya mwongo.

Kuhusu tarehe, usitegemee ya mwaka uliopita. Muulize mwenyeji wa Makunduchi wiki chache mapema, na umuulize pia siku ya kilele ni ipi kati ya zile nne, kwa sababu mambo ya uwanjani hufanyika siku hiyo, ilhali siku zinazofuata ni za ngoma, kutembeleana na kula.

Hatua ya pili: tafuta mwenyeji, na uende kama mgeni wake

Hapa ndipo Mwaka Kogwa unapotofautiana na sherehe nyingi. Kwa watu wa Makunduchi, kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni siku hiyo, na nyumba isiyopata mgeni huhesabiwa kuwa imekosa heri. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone huko si mapambo ya maneno. Kwa hiyo, hata kama huna ndugu wa damu, rafiki wa kazini, jirani wa mjini mwenye asili ya huko au mwalimu wa madrasa anaweza kukuunganisha na nyumba itakayofurahi kuwapokea. Mwambie mwenyeji mapema idadi ya watu na umri wa watoto, na usimfiche kama una mtoto anayeamka usiku.

Faida ya nyumba kwa mwenye watoto ni kubwa. Kuna choo, kuna kivuli, kuna mkeka wa kulalia mchana, kuna watoto wenzao wa kucheza nao, na kuna bibi wa nyumba ambaye mtoto akimzoea siku ya kwanza hatataka kubebwa na mwingine. Nenda na kitu mkononi: kilo chache za mchele, sukari, majani ya chai, mkate au kanga kwa mwenye nyumba. Mpe mtoto akabidhi mwenyewe, kwa mkono wa kulia, baada ya kuamkia.

Suala la kuamkia linahitaji mazoezi, hasa kwa watoto waliozaliwa nje. Wiki moja kabla, wafundishe kusema "Shikamoo" kwa kila mkubwa bila kusubiri kusukumwa, na kungoja "Marahaba" kabla ya kukimbia. Wafundishe pia kumwita mwenye nyumba bibi, babu, ami, mjomba au shangazi kulingana na umri wake na jinsi nyumba inavyoitana, si kwa jina kavu. Waambie kwamba watasikia Kiswahili kisichofanana na cha mjini, kwa kuwa wenyeji wana lahaja yao wanayoiita Kikae. Wangu huifanya kuwa mchezo: kila mmoja hurudi na maneno matatu mapya, na anayemcheka msemaji hupoteza zamu yake.

Hatua ya tatu: safari na mzigo

Kutoka mjini hadi Makunduchi ni zaidi ya kilomita 60 za lami. Kwa gari la binafsi ni mwendo usiofika saa mbili hata ukisimama kidogo njiani, lakini kwa daladala ni mrefu zaidi, na siku ya kilele magari hujaa mapema mno. Ushauri wangu ni kwenda siku moja kabla na kulala huko. Mkienda siku hiyo ya kabla, simameni Jozani, msitu ulio takriban kilomita 35 kutoka mjini, ambako watoto wanaweza kuwaona kima punju wenye migongo myekundu kwa karibu. Saa moja inatosha. Waonye mapema kwamba kima hawalishwi wala hawaguswi.

Mzigo uwe mdogo, lakini vitu vifuatavyo visikosekane: maji ya kunywa ya kutosha, kofia, nguo za kubadilisha jozi mbili kwa kila mtoto kwa siku, sweta nyepesi ya usiku, chandarua ikiwa hujahakikisha kuwa nyumbani kipo, pakiti mbili za ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha), dawa ambazo mtoto huzitumia kila siku, viatu vya plastiki vya kuingilia baharini, na kanga mbili. Kanga moja ni ya kumbebea na kumlaza. Ya pili ni ya alama, nami nitaieleza nikifika uwanjani. Makunduchi kuna hospitali, na ni vyema uulize njia yake siku unayofika, si usiku mtoto akiwa na homa. Mavazi yawe ya heshima kwa wakubwa na wadogo, kwa kuwa mnakwenda kijijini kwa watu, si hotelini.

Hatua ya nne: asubuhi ya nyumbani

Amkeni mapema. Desturi ya Mwaka ni kuondoa cha zamani: nyumba hufagiliwa, jivu la jikoni huzolewa na kutupwa, na moto huwashwa upya. Wazee wanaokumbuka zamani watasimulia jinsi moto wa mwaka uliopita ulivyozimwa katika kila nyumba. Siku hizi si kila nyumba inayofuata yote, na wengine wanatumia jiko la gesi, lakini omba ruhusa kwa mwenye nyumba watoto wako washiriki katika kile kinachofanyika.

Mtoto wa miaka miwili mpe ufagio mfupi wa chelewa na kona moja ya uani. Wa miaka mitano anaweza kushika kizoleo na kusindikiza jivu lililokwisha kupoa hadi linapotupwa. Uhakikishe kwa mkono wako kwamba limepoa, maana kaa hujificha chini ya jivu hadi asubuhi. Wa miaka saba au minane mpe kazi ya kwenda kwa jirani na sahani iliyofunikwa kawa na kurudi na salamu. Usiwaharakishe. Nusu saa ya kufagia ua kwa mtoto ni tukio kubwa kuliko mapigano ya uwanjani, na ndilo atakalolisimulia kwa mwalimu wake.

Hatua ya tano: kuoga bahari

Jina la sherehe linatokana na kuoga kwenyewe: kogwa, kuoga mwaka. Watu huenda pwani kujitia maji na kuacha mikosi ya mwaka uliopita. Kwa mtoto hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na pia ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pwani ya upande huu ina mwamba mbele, na kati ya mwamba na ufukwe kuna eneo pana la maji ya kina kifupi ambalo bahari ikipwa hukauka kwa umbali mrefu. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50; ukijua saa ya maji kujaa leo, unaweza kukisia ya kesho. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana, hujaa sana na huenda kwa kasi. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Muulize mvuvi au mama anayelima mwani, si mtu wa mjini mwenzako.

Muda mzuri wa kumwogesha mtoto mdogo ni maji yanapoanza kujaa taratibu juu ya mchanga uliokwisha kupashwa na jua, yakiwa hayajapita magoti yake. Epuka maji yanayotoka, kwa sababu yanavuta. Avae viatu vyake vya plastiki, kwani mawe ya mwamba hukata na kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye vijishimo. Mashamba ya mwani yana vigingi na kamba. Ni mali ya watu, na mtoto asikanyage wala asivute.

Kanuni yangu ni mtu mzima mmoja kwa kila mtoto asiyejua kuogelea, akiwa ameshika mkono wake, na simu yake imebaki nyumbani. Si mtu mmoja kwa watoto watatu huku akipiga picha. Kama wakubwa ni wachache, waogesheni kwa zamu. Mtieni mtoto maji kichwani mara tatu kwa kiganja, mwambieni aseme kitu kimoja anachotaka kukiacha na mwaka uliokwisha, kisha mwacheni acheze. Desturi hiyo ya kusema ni ya kwetu nyumbani, sikuikuta Makunduchi, lakini binti yangu alipotangaza kwa sauti mbele ya shangazi zake wote kwamba anaacha kukojoa kitandani, na akaacha kweli baada ya wiki mbili, tuliamua iendelee.

Hatua ya sita: uwanjani, kwa muda mfupi na kwa mpango

Shughuli za kilele hufanyika katika uwanja wa Kae Kuu. Wanaume hugawanyika pande mbili, Kusini na Kaskazini, na hupigana kwa vipande vya migomba. Maana yake ni kutoana nyongo: aliyekuwa na kinyongo na mwenzake amalize hapo, na mwaka mpya uanze nyoyo zikiwa nyeupe. Wanawake waliovaa vizuri huzunguka wakiimba. Baadaye kibanda cha makuti huchomwa moto. Mzee huingia ndani na hutakiwa kutoka salama, na watu hutazama moshi unaelekea wapi ili wabashiri heri ya mwaka.

Mweleze mtoto yote haya usiku uliotangulia, si pale pale. Mtoto asiyejua kwamba watu wazima wanapigana kwa makubaliano huogopa, na hofu hiyo ni ya haki. Mwambie: wanapigana kwa mgomba kwa kuwa ni laini, wakimaliza wanashikana mikono, na mtu aliyeingia kibandani anajua atakapotokea. Halafu chagua jambo moja tu kati ya mawili, mapigano au kibanda, na uwe tayari kuondoka baada ya hapo. Kwa walio chini ya miaka minne, mimi huchagua kutokwenda kabisa, na mmoja wetu hubaki nao nyumbani.

Mkienda, simameni pembeni, penye njia ya kutokea nyuma yenu, na muwe upande ambao upepo unatokea, ili moshi na cheche viende mbali nanyi. Mtoto mwenye pumu asisogezwe karibu na kibanda kwa hali yoyote. Hapa ndipo kanga ya pili inapofanya kazi: mtu mzima mmoja aivae begani, yenye rangi inayoonekana mbali, na watoto wafundishwe kuitafuta. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa ndani wa kila mtoto. Mkubaliane juu ya mahali pa kukutana pasipohama, kama mti au mlango wa duka, na uwaonyeshe mapema. Usichague gari kuwa mahali pa kukutana, kwa sababu magari huondoka.

Kuna mambo mawili ambayo waandishi wa mambo ya utalii huyapita kimya. La kwanza ni nyimbo: baadhi yake zina mafumbo na matusi ya wazi, na hiyo ni sehemu ya desturi yenyewe. Mtoto wa miaka saba atauliza maana. Uwe na jibu fupi, kwa mfano kwamba ni maneno ya Mwaka yanayobaki uwanjani, na usimkemee kwa kuuliza. La pili ni ubashiri wa moshi. Zipo familia za Kiislamu zinazoona kuwa haufai, na zipo zinazouchukulia kama mchezo wa kale. Lifanyeni uamuzi nyumbani kwenu kabla ya safari, na lolote mtakaloamua, msilibishanie sebuleni kwa mwenyeji. Hotuba za wageni rasmi, zikiwapo, zinaweza kuwa ndefu. Hapo ndipo muda wa kwenda kununua kashata.

Hatua ya saba: chakula, usingizi na siku zinazobaki

Baada ya uwanjani watu hurudi kula. Tarajia wali, samaki, pweza wa nazi, pengine bokoboko au mkate wa kumimina, na kukaa jamvini kula sinia moja. Mtoto aliyezoea sahani yake mwenyewe afundishwe mapema kula upande wa mbele yake tu. Kama hali pilipili, mweleze mama wa nyumba polepole jikoni, na usimtengee mtoto chakula mlichokuja nacho mbele ya watu.

Mlaze mchana, hata kama ngoma inalia. Siku ya pili na ya tatu ndizo zenye nafasi kwa mtoto: umati umepungua, watoto wa kijiji wanacheza nje, na mnaweza kwenda Kizimkazi Dimbani, karibu tu, kuona msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 1107. Ngoma za usiku ziwe za wakubwa kwa zamu. Watoto wakitaka kupigana kwa migomba kama walivyoona, omba vipande vibichi vilivyokwisha kukatwa, viwe vifupi kuliko mkono wa mtoto, na weka sheria tatu: chini ya kifua tu, anayesema "basi" anaachwa, na mwisho lazima washikane mikono.

Kwa wasioweza kusafiri

Walioko Muscat mwezi huo wanajua kwamba joto hukaribia nyuzi 40, kwa hiyo kuoga bahari kuwe mapema, mara tu baada ya alfajiri. Walioko Uingereza wanaweza kutumia beseni la maji vuguvugu uani, lenye chumvi kidogo, na ufagio. Mwalikeni mgeni mmoja asiye wa familia aje kula, kwa kuwa bila mgeni Mwaka haujakamilika, na mpigieni bibi simu ya video wakati wa kufagia, si wakati wa kula, ili aone kazi ikifanyika na apate la kusahihisha.

Mnaporudi nyumbani, ioshe ile kamba iliyokuwa na mafundo na muifunge upya, mafundo kumi ya mwongo wa kwanza. Andika kwenye daftari tarehe ya kilele ya mwaka huu, saa ya maji kujaa mliyoogea, jina la mwenye nyumba na alichokosa jikoni kwake. Sisi mwaka jana tuliandika kawa mbili na sufuria kubwa ya wali.